Jiwe Lililotafutiwa Babu

Muhire alisema uongo, na hakuna haja ya kuuzungusha. Aliusema mchana kweupe, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, watu wa Rugerero wakiwa wamekaa kwenye majani na majembe yao, miguu bado ina tope la mtaro waliokuwa wakiuchimba. Ndani ya mtaro huo lilikuwa limetoka jiwe: pana kama mto wa kulalia, limebonyea katikati, laini kama sabuni iliyotumika. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chao, akasema Jumamosi ijayo kutakuwa na sikukuu ya mambo ya kale, watu wa makumbusho watakuja, ngoma zitapigwa, na kila mudugudu ulete kitu chake pamoja na mtu wa kukieleza. Je, nani anajua habari ya jiwe hili? Kimya. Muhire, ambaye sauti yake ya bezi inajulikana kanisani na ambaye kimya humwasha mwilini, akainua mkono. "Babu yangu alinisimulia," akasema. Watu wakapiga makofi. Kumbe babu yake alizikwa Karagwe, upande wa Tanzania, na maisha yake yote hakuwahi kumsimulia mjukuu habari ya jiwe lolote.

Sasa ilikuwa Ijumaa jioni, sikukuu ni kesho yake, na Muhire amekaa kijiweni kwa Joanita, mjini Gisenyi, kwenye barabara inayoteremka kwenda mpakani mwa Kongo. Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha kutia upepo matairi. Joanita hukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chupa mbili za kahawa ya tangawizi miguuni pake, na haongezi sukari mpaka uombe. Wateja wa kudumu ni watatu. Muhire, fundi cherehani, anaitwa Shemasi ingawa hakuna askofu aliyemwekea mikono. Sano anaitwa Doane, yaani forodha, kwa sababu huvuka kwenda Goma na vitunguu kila siku na kuongea kama vile mpaka ni wake. Rwema, aliyekulia Uganda, ni Kampala tu, hata mkewe humwita hivyo. Siku hiyo wa nne alikuwa jiwe. Lilikuwa limekaa katikati ya benchi, limefunikwa kitenge. Lilikuja kwa pikipiki kutoka Rugerero, mapajani mwa Muhire, na motari aliyewabeba aliuliza kama nalo litavaa kofia.

— Bon, Shemasi, shida iko wapi? — aliuliza Sano.

— Shida ni kwamba nimesema babu alinisimulia, — alijibu Muhire. — Na babu hakunisimulia.

— Babu iko hai?

— Alikufa zamani.

— Donc hakuna shahidi. We uko na bahati mingi sana.

— Sano, mimi ni mtu wa kwaya.

— Kesho haujaitwa kuimba. Umeitwa kusema.

— Mchungaji ndiye atakayefungua kwa maombi, — Muhire alisema kwa sauti ya chini. — Akisema amina tu, anayefuata ni mimi. Amina yake haitakuwa imepoa, nami nimeshaanza kudanganya.

Rwema alikunywa kahawa, akaifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akalifunua jiwe kama daktari anayemfunua mgonjwa.

— Sikiliza, sebo. Uongo ni pale unaposema kitu ambacho hakikuwa. Sisi tunatafuta kitu ambacho kilikuwa. Tukikipata, utakuwa umesema kweli mapema kidogo.

— Si ni urusyo hilo? — alisema Joanita kutoka kwenye ndoo yake. — Jiwe la kusagia. Kwetu lilikuwepo, kuku walikuwa wananywea maji.

— Banange! Joanita! — Rwema alishika kichwa. — Watu wa makumbusho watoke mbali kote huko, wavae na viatu vizuri, waje kuangalia jiwe la kusagia? Kila nyumba ilikuwa nalo. Kitu ambacho kila nyumba inacho hakina historia.

— Ni kweli, — Sano aliunga mkono. — Mi naona hii ni ya serikali. Tazama katikati, vile inaingia. Hii ilikuwa barrière ya kwanza ya mupaka. Mutu anatoka kule na chumvi yake, anafika hapa, anaweka kidogo ndani ya shimo, anapita. Asipoweka, anarudi. Mi niko najua doane kuliko vile we unajua Zaburi.

Muhire alisogea karibu. Kusema haki, lilimvutia. Lakini alikuwa fundi wa kupima nguo, na hesabu haikumwingia akilini.

— Jiwe limetoka Rugerero, Sano. Mpaka uko huku chini.

— Zamani mupaka ilikuwa Rugerero, — Sano alijibu bila kupepesa macho. — Ikateremuka polepole kufuata ziwa. Hapa kwetu kila kitu inateremuka kufuata ziwa. Maji, matope, watalii.

— Hapana, hapana, — Rwema aliingilia. — Wewe unaleta mambo ya ofisi. Jiwe hili limetoka Nyiragongo. Volkano ililitema, likaruka, likaanguka Rugerero likiwa bado laini kama ugali. Sasa, kulikuwa na shujaa mmoja wa mfalme, amechoka, anatoka vitani. Akaona jiwe, akakaa. Alipoinuka, likabaki hivi.

Joanita aliacha kumimina.

— Akakaa likiwa moto?

— Ndiyo maana anaitwa shujaa.

— Na hayo matako ya upana huu ni ya mtu au ya ng'ombe?

— Watu wa zamani walikunywa maziwa, dada. Siyo haya maji yako ya tangawizi.

Walicheka mpaka kijana wa matairi akachungulia. Muhire naye alicheka, na katika kucheka akajikuta anaona kitu: uwanja umejaa, bendera, kina mama na vitenge vyao, na yeye mbele, kipaza sauti mkononi, shujaa anakaa kwenye jiwe na moshi unapanda. Ilikuwa hadithi nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko mahubiri mengi aliyoyasikia, Mungu amsamehe kwa kuwaza hivyo.

— Na Wajerumani? — aliuliza. — Watu wanapenda Wajerumani wawepo.

— Wajerumani wako! — Sano alipiga paja. — Walikuwa hapa Gisenyi, hiyo hata mutoto wa shule anajua. Wakakuta hii jiwe, wakaona inavuta.

— Inavuta nini?

— Moto ya umeme. Leta telefone yako, Kampala.

Rwema aliweka simu ndani ya shimo la jiwe. Wote watatu waliinama juu yake, vichwa vikigusana.

— Tazama! — Rwema alinong'ona. — Mtandao umejaa. Umejaa wote! Mjerumani alikuwa anaongea na kwao kupitia jiwe hili, nyie mnaita urusyo!

— Hapa mtandao hujaa siku zote, — alisema Joanita. — Mnara uko nyuma ya kichwa chako.

Rwema hakugeuka kuutazama mnara.

Kikombe kilifuata kikombe, na hadithi ikashika umbo. Volkano ililitema jiwe. Shujaa alilikalia. Mfalme, kwa kumheshimu shujaa, akaliweka njiani ili kila mpita njia aweke chumvi kidogo. Wajerumani wakaja, wakalisikiliza, wakaondoka na siri. Muhire alisimama kuijaribu. Akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani kama anavyofanya kwenye ubeti wa bezi.

— Ndugu zangu wa Rugerero! Babu yangu alinisimulia ya kwamba, katika siku za wafalme...

— Yewe! — alisema Joanita, bila kutaka. — Hata mimi nitaamini.

— Umeona? — Rwema alisema. — Kesho watalia watu. Limebaki jina la shujaa tu. Shujaa hawezi kukosa jina.

Muhire aliketi, ameridhika. Kitu kimoja tu kilimkera. Kila alipofika kwenye maneno "babu yangu", ulimi ulikuwa mzito, kama mtu anayepita na viatu vya mwenzake. Alijiambia ni tangawizi.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, akitoka upande wa mpaka. Alikuwa na beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, vilivyokaushwa, kichwani na kandambili zimeisha kisigino. Alitua beseni, akaomba kahawa, akatafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa.

— Na hii jiwe, — aliuliza, — nayo iko nakunywa kahawa?

Joanita alicheka kwa sauti. Sano aliinuka haraka, akalibeba jiwe na kulilaza chini, akapangusa benchi kwa mkono.

— Karibu, mama. Jina?

— Mukabera. Nimetoka Goma, naenda kulala kwa dada yangu.

Alikunywa nusu kikombe. Macho yake yalikuwa kwenye jiwe. Kisha akaweka kikombe kwenye benchi, akapiga magoti chini, pale pale kwenye vumbi la matairi, akaweka viganja viwili ndani ya lile shimo. Akasukuma mbele. Akavuta nyuma. Mbele, nyuma. Mabega yake yalijua kazi hiyo.

— Mulipata wapi?

— Rugerero, — Muhire alisema. — Kesho tunalionyesha. Kuna sikukuu.

— Ni vizuri. Nyanya yangu kule Masisi alikuwa na moja kama hii. Alikuwa anaamuka bado giza, anasaga mutama, na anaimba. Mi nilikuwa nalala muzuri kwa sababu ya ile sauti. — Aliinua uso, akawatazama mmoja mmoja, si kwa kuwapima, bali kama anayeuliza njia. — Huyu mama aliyekuwa anasagia hapa alikuwa anaimba nini?

Sano alimtazama Rwema.

— Wimbo wa vita, — Rwema alijaribu. — Kwa vyovyote.

— Ya vita, na mutama?

Rwema alirudi kwenye kikombe chake. Sano alifungua mdomo, akaanza kuimba kitu kwa furaha, akafika neno la tatu akanyamaza, maana lilikuwa tangazo la bia. Joanita aliangalia chini. Akaanza kuvumisha sauti puani, taratibu, ikipanda na kushuka, halafu ikakatika.

— Sauti ninayo, — alisema. — Maneno yamenitoka. Mama yangu alikuwa nayo yote.

— Hata mi yalinitoka, — alisema Mukabera. — Ndiyo sababu nauliza. Nikiona hii jiwe mahali, nauliza.

Muhire hakuwa kijiweni tena. Alikuwa Karagwe, mtoto, chini ya blanketi moja na ndugu zake watatu, na nje ya ukuta wa udongo kulikuwa na ile sauti, jiwe juu ya jiwe, na juu yake sauti ya bibi yake. Kila alfajiri. Miaka mingi. Naye alikuwa akilivuta blanketi na kuziba masikio ili apate usingizi wa mwisho kabla ya shule. Babu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa kunyamaza. Aliyekuwa akisimulia kila siku, bila kuombwa, kwa wimbo, ni bibi. Na Muhire, aliyekuwa tayari kumpa babu maneno ambayo hakuyasema, hakubaki hata na mstari mmoja wa maneno ambayo bibi aliyasema.

— Basi, Shemasi, — Rwema alisema, akikohoa kidogo. — Turudi kazini. Shujaa wetu anaitwa nani?

— Hakuna shujaa, — alisema Muhire.

— Tumwite Rugamba. Rugamba ni jina la...

— Hakuna shujaa, Kampala. Wala chumvi. Wala Mjerumani.

— Kesho utasema nini sasa? — Sano aliuliza, na safari hii hakuwa akitania. — Watu iko wanakungojea. Na mukuru wa mudugudu, na mupasta.

Muhire aliinuka. Hakuweka mkono kifuani.

— Nisikilizeni, mniambie kama inaeleweka. Ndugu zangu wa Rugerero. Wiki iliyopita niliwaambia babu yangu alinisimulia habari ya jiwe hili. Haikuwa kweli. Naomba mnisamehe.

— Watakuzomea, — alisema Rwema.

— Wanizomee kidogo, nitangoja wamalize. Ndugu zangu, hili ni jiwe la kusagia. Limebonyea hivi kwa sababu ya mikono ya wanawake. Majina yao siyajui. Watoto wao walikula, wakakua, na pengine sisi ndio wajukuu wao, pengine sisi ni wageni tu tuliofika baadaye tukakuta jiwe. Kwa vyovyote walikuwa wakiimba.

Mukabera alikuwa bado amepiga magoti, viganja kwenye jiwe. Joanita aliziba chupa ya kahawa asipitwe na neno. Muhire aliwatazama wote wawili, kisha akatazama barabarani, mahali ambapo kina mama wengine walikuwa wakipanda kutoka mpakani na mizigo yao, akaongea kana kwamba uwanja ulikuwa pale pale.

— Mama zetu, bibi zetu mliokaa huko nyuma: kama kuna mmoja anayekumbuka wimbo wa kusagia, hata mstari mmoja, hata kama sauti imekauka, tunaomba asimame atuimbie.