Mke Wangu Juu ya Mizani ya Kahawa

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wengine, habari za tangu asubuhi. Nashukuru nimekuta madirisha yamefunguliwa, maana kikundi chetu hiki ndicho mahali pekee ambapo mtu akikohoa watu wanamwangalia usoni, hawakimbii.

Mwenyekiti amesema kila mmoja aeleze alivyougua kifua kikuu na alivyopona. Lakini ndugu zangu, mimi siwezi kuanza na kifua changu. Changu kilikuja mwisho, na nilikitafuta mwenyewe. Nitaanza na cha mke wangu. Yeye hayupo leo. Nilimwomba aje, akasema hadithi hii anaijua.

Mimi ni mkulima wa kahawa, kule juu Mbuji. Mke wangu nilimtoa Liuli, ziwani. Miaka ishirini na mbili nimemtania kwamba ananuka usipa, wale dagaa wa kwao. Alipokuwa mgeni mlimani alicheka. Baadaye akaacha kucheka, mimi sikuacha kutania.

Mwaka juzi kahawa ilizaa mpaka matawi yakainama. Jamaa mmoja niliyesoma naye, anaishi Dar es Salaam, akanitumia picha kwenye simu. Amesimama kando ya ndege ndogo, miwani myeusi, nyuma yake bahari ya buluu. Akaniambia kwa ndege zile unakunywa chai Unguja, unalala Pemba, keshokutwa unaamkia Mafia. Mimi ndege nilikuwa naijua kwa kuinua kichwa tu, ikipita juu ya mlima wetu. Nikaapa: Desemba ijayo, kahawa ikishalipwa, mimi na mke wangu, visiwa vitatu kwa siku sita. Nikabandika ramani ukutani. Nikatangaza safari kilabuni, nikatangaza nje ya kanisa, nikatangaza na msibani. Ndiyo, cheka tu mzee wangu. Marehemu hajafukiwa, mimi nawaeleza waombolezaji jua la Pemba.

Mke wangu alisema jambo moja tu. "Kisiwa kipo kwetu Liuli. Nimekuomba unipeleke tangu mama yangu yuko hai."

Nikamjibu, "Lile ni jiwe la kuanikia nguo."

Watoto walicheka. Yeye aliendelea kuchambua maharage.

Sasa sikilizeni ujinga wa mkulima wa kahawa. Yule jamaa aliniambia ndege ndogo hazina mchezo, abiria anapimwa uzito, na begi lisizidi kilo kumi na tano. Basi nikachukua akili ya ghalani nikaipeleka uwanja wa ndege. Nyie mnajua, gunia likipanda mizani karani anapima vyote, kisha anatoa uzito wa gunia, kinachobaki ndicho kahawa yako. Nikaamini mtu naye ni hivyohivyo. Mwili na begi vinapimwa pamoja, mwili ukipungua begi linaongezeka. Sikumuuliza mtu. Nilishajifanya mjuzi wa ndege mpaka msibani, ningemuuliza nani?

Mwezi wa saba tukaanza kupeleka kahawa ghalani. Karani wetu ana utaratibu wake: kila uzito anausoma kwa sauti, foleni yote isikie, asije mtu akalalamika baadaye kwamba ameibiwa. Nikashusha gunia langu, nikamwambia mke wangu apande yeye. Alikataa. Nikamwambia anachelewesha watu. Akavua ndala, akapanda.

"Hamsini na nane," karani akasoma.

Mtu mmoja kwenye foleni akauliza, "Hiyo daraja la ngapi?"

Nikajibu mimi, mume wake, "La mwisho. Imelowa maji ya ziwa."

Foleni ilicheka mpaka wengine wakaegemea magunia. Nami nilijisikia mtu mkubwa siku ile.

Wiki mbili baadaye nikampandisha tena. Hamsini na nne. Nikapiga makofi. Mwisho wa mwezi wa nane, arobaini na tisa. Nikamwambia, "Hongera mama, umetupatia nafasi ya jozi mbili za viatu." Karani akaniangalia. Akasema taratibu, "Mzee, huyu mama anaumwa." Nikamwambia kazi yake ni kusoma mizani.

Ndugu zangu, nawaambia mtu anaweza kulala kitanda kimoja na ugonjwa akauita baraka. Alikuwa anakohoa, nikasema moshi wa jikoni. Usiku analoweka shuka kwa jasho, nikamwambia hayo ni mazoezi, huko visiwani joto ni hilohilo. Chakula hakipiti, nikasema ndivyo anavyotakiwa. Binti mmoja wa kijiji, mhudumu wa afya ya jamii, alikuja na kikopo akaomba mama atoe makohozi yakapimwe. Nilimfungulia mbwa.

Kilichonikera mimi ni kile kikohozi. Niliona aibu. Nitakaaje ndani ya ndege na mtu anayekohoa hivi? Kwa hiyo jioni nikawa napanga viti sebuleni, viwili viwili kama nilivyoona kwenye picha. Namkalisha karibu na dirisha, namfunga mkanda wangu wa suruali kiunoni, nampa kitambaa. Namwambia, "Kutoka Songea mpaka Dar ni zaidi ya saa moja angani. Jizoeze kukibana." Nami nakaa pembeni nikiangalia saa ya ukutani. Akikohoa, tunaanza upya. Watoto walishaacha kucheka. Mkubwa alitoka nje.

Siku ya nne ya mazoezi hayo alikibana muda mrefu sana. Nilimsifu. Mishipa ya shingo ilisimama, machozi yakamtoka, halafu kikaja chote kwa pamoja. Alipoondoa kitambaa mdomoni kilikuwa chekundu.

Alifungua ule mkanda, akakunja kile kitambaa vizuri, akaniwekea mapajani. Akasema, "Na hii ipime kwenye mizigo."

Asubuhi alipanda bodaboda peke yake mpaka Litembo, hospitali. Jibu likatoka, kifua kikuu, akaanza dawa za miezi sita. Yule binti akarudi, safari hii kwa uvumilivu wa ajabu, akasimama mbali na mbwa akaniambia wote wa nyumbani tupimwe. Watoto walikwenda, wakakutwa salama. Mimi nikasema huo ni ugonjwa wa watu wa ziwani, sisi Wamatengo wa mlimani hewa yetu ni safi. Tiketi nilishakata. Mke wangu aliambiwa asisafiri kwanza, nikaona isiwe taabu, nikampa nafasi yake mdogo wangu wa kiume. Nilimwambia hivyo mke wangu akiwa anameza vidonge. Aliitikia, "Haya."

Mnaniangalia vibaya. Niangalieni tu.

Mwezi wa kumi na moja nikaanza kukohoa. Nikasema vumbi. Suruali ikaanza kunivuka, nikatoboa mkanda tundu jingine. Ulikuwa mkanda uleule. Wiki mbili kabla ya safari nilikwenda ghalani kuchukua mbolea, mke wangu akaja nyuma kunisaidia kubeba. Yeye alishanawiri, miezi mitatu ya dawa ilimrudishia mashavu. Nikainama kuinua mfuko, miguu ikakataa. Nikakaa chini mbele ya watu. Nilipokohoa, wale wenzangu wa foleni, waliocheka vizuri sana mwezi wa saba, wakarudi nyuma hatua tatu.

Mke wangu hakurudi nyuma. Alinishika kwapani, nikadhani ananipeleka nyumbani. Akanipandisha kwenye mizani. Akanivua kofia, akanivua na viatu.

Akamwambia karani, "Soma."

Karani akasita.

"Soma kwa sauti. Si ndiyo utaratibu?"

"Hamsini na moja," karani akasoma. Mimi nilikuwa mtu wa kilo sitini na sita.

Mke wangu akapiga makofi. Matatu tu, polepole. Akasema, "Hongera baba. Umepata nafasi ya viatu."

Hakuna aliyecheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, ndugu zangu. Nilisimama pale peku, nikatamani wacheke, maana kile kimya kilikuwa kibaya zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa yeye alisimama mahali pale mara tatu, na mara zote tatu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ndala zake.

Alinishusha. Tukapanda bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma kanishikilia nisidondoke, mpaka Litembo. Tiketi zilikufa. Mdogo wangu alininunia, mpaka leo salamu zake ni za shingo upande.

Miezi sita kila asubuhi mke wangu alisimama mbele yangu na kikombe cha maji na vidonge mkononi. Alikuwa na neno moja: "Meza." Mazungumzo mengine hayakuwepo. Mkojo ulipobadilika rangi kwa zile dawa, ukawa kama juisi ya machungwa, nikaogopa, nikamuuliza nakufa? Akasema, "Bado." Kuna siku nilikataa dawa, nikamwambia aniache nife. Akaketi. Akaniambia, "Nilikuwa na hasira za kutosha kukuacha ufe. Lakini nikikuacha, nitakuwa kama wewe. Meza." Nikameza. Sijawahi kupigwa na mtu kama nilivyopigwa na maneno yale, na sijawahi kukosa dozi tena.

Sasa nishukuru niketi. Namshukuru muuguzi wa kliniki. Namshukuru karani, aliyesema ukweli siku niliyomwambia asome mizani tu. Namshukuru yule binti wa afya, yule pale mlangoni. Mwanangu, yule mbwa nimemfunga, karibu chai. Na mke wangu namshukuru, ingawa nikimwambia hivyo hujibu, "Sawa."

Ninachowaachia ni kidogo. Mtu wa nyumbani kwako akipungua, usimwambie amependeza kabla hujamuuliza amekula nini na amelalaje. Na ukiona watu wanacheka naye anatazama chini, jua wewe ndiye unayechekesha vibaya.

Mtauliza, na visiwa? Safari ipo. Mke wangu amekata tiketi kwa kahawa ya shamba lake: Unguja, Pemba, Mafia. Anakwenda na dada yake wa Liuli, kwanza watavuka kwa mtumbwi kwenye kile kisiwa chao. Nilimuuliza, na mimi? Jumamosi iliyopita akanipeleka ghalani, akanipandisha, karani akasoma sitini na saba. Akatikisa kichwa. "Umekuwa mzito mno, baba. Ndege haitakuweza."

Wanaondoka Jumatatu. Nitabaki na miche ya kahawa, na mbwa. Begi lake nimelipima mimi mwenyewe jana, kilo kumi na nne na nusu. Yeye sikumpima. Nilimuuliza tu kama amelala vizuri.