Mama Taa na Zamu ya Usiku ya Mwani

Mimi nina nyota ya jaha, sifichi. Nimezunguka dunia, nimelala hoteli ambazo taa huzimwa kwa kupiga makofi, na katika miaka tisa ya kutunza samaki wa maji chumvi, hakuna tangi lililowahi kuharibika mikononi mwangu. Lakini leo si siku yangu. Tarehe thelathini mwezi huu anastaafu Mama Taa, baada ya miaka thelathini na moja katika jumba letu la samaki.

Aliingia kama mfagiaji. Siku moja akakutana na tangi la nyuma, lile la mwani ambalo wageni hawalioni, na hakubanduka tena. Mwani ule ndio figo za jumba zima: hula uchafu wa samaki na kuwarudishia hewa safi. Mama Taa akaupangia zamu ya usiku. Taa za samaki zikizimwa saa tatu usiku, za mwani zinawaka mpaka saa tatu asubuhi. Wenye vyeti walimcheka, eti ameajiri majani kuwa walinzi. Akawauliza, wote wakilala pamoja, nani atawapumulia samaki? Leo haohao wanainakili ratiba yake, iliyobandikwa mlangoni kwa utepe wa fundi bomba.

Mkali, lakini. Ukigusa saa ya kuwashia taa bila ruhusa, atakuita mwanangu kwa sauti ambayo mama yako mzazi hajawahi kuitumia.

Mwaka juzi mtu fulani aliuonea mwani huruma kwa kukesha, akaurudisha zamu ya mchana. Asubuhi ya tatu samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Mama Taa alikuja mbio na kandambili, akawasha pampu za hewa, akairekebisha saa, akakaa pale hadi adhuhuri. Hakufa hata mmoja. Meneja alipotaka jina la kufukuza, Mama akasema saa ile ni dhamana yake, aandikwe yeye. Akapewa barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote.

Mama, asante. Sasa ulale usiku kama samaki, mchana usumbuliwe na wajukuu tu, na afya isikupungukie. Tumeomba barua ile itolewe kwenye faili lako kabla hujaondoka. Meneja amekubali, kwa sharti mwenye kosa ajitaje.

Basi, habari ya tangi lisiloharibika ni uongo. Saa niliigeuza mimi.