Moshi wa Kungumanga

Ilikuwa siku ya tatu tangu Kampuni ya meli za viungo ichome kungumanga zake gatini, na mji mzima bado ulinukia kama keki ya Krismasi uliyonyimwa. Benchi letu liko pale Daraja la Ngano, ukuta wa kanisa nyuma yetu, bandari ya jimbo letu la Zelandi mbele, na birika la Levina, muuza kahawa, katikati, kahawa ya moto kutwa nzima. Tunaokaa hapo ni Pipa, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya kuunda mapipa na kwa tumbo lake pia. Askofu, aliyekuwa mpiga kengele wa kanisa mpaka siku aliyopitiwa na usingizi, kengele ya alfajiri ikalia adhuhuri. Na mimi, mshona matanga. Wa nne wetu ni Joos, fundi nyavu, lakini asubuhi hiyo hakuwepo. Alikuwa mahabusu chini ya ukumbi wa baraza kwa kuokota kungumanga nne zilizobingirika kutoka motoni. Alitaka kumpelekea dawa mkewe Tanneke, ambaye tumbo lake halikuwa limetulia tangu ajifungue. Saa sita angefungwa kwenye nguzo ya sokoni, viboko thelathini.

— Nne! — Pipa akafoka. — Wamechoma ghala zima, halafu wanamcharaza mtu kwa kungumanga nne!

— Mafuta ya kungumanga yalitiririka mpaka huku — Levina akasema. — Viatu vyangu vinanata hadi leo. Mbona mimi sijakamatwa? Ninazo nyingi kwenye soli kuliko Joos mfukoni.

Askofu akakohoa, dalili kwamba methali inakuja.

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Si kainama? — Levina akasema. — Na ndivyo walivyomkuta, kainama. Methali gani hiyo ya kumpeleka mtu kwenye nguzo?

— Mimi nawaambia zilikuwa zimeoza — Pipa akasema. — Walituficha tu.

— Zimeoza na harufu hii? — Levina akamkata. — We bwana, pua yako nayo umeipigilia mikanda ya chuma kama mapipa yako?

— Hazikuoza — Askofu akadakia. — Ile ilikuwa mbinu ya vita. Upepo siku ile ulielekea wapi? Kwa Waingereza! Wamepelekewa moshi waunuse, watamani, waje wapige magoti.

— Moshi uvuke bahari? — nikamuuliza.

— Kengele yangu ilisikika mpaka ng'ambo, Flanda, sembuse moshi!

— Acha kamba zako — Pipa akasema, akasogea na kushusha sauti. — Sikieni. Kule visiwani zinakotoka kuna wachawi. Wametia yai la nyoka ndani ya kila kokwa. Mwaka ukifika, yanaanguliwa yote siku moja. Mabwana wakubwa walishtuka usiku wakaona bora moto.

— Kwa hiyo Joos kaokoa nyoka wanne — Levina akasema. — Basi apewe nishani.

Tukacheka, kisha tukaona aibu. Levina hakucheka. Akaweka birika chini.

— Nyinyi chekeni. Hakimu katangaza tangu jana: wenyeji wawili wenye nyumba wakisimama kumwombea kabla ya kengele ya saa sita, adhabu inapungua. Mimi chumba nimepanga. Askofu analala kwa dada yake. Wenye nyumba hapa nawaona wawili.

Pipa akaanza kuukagua ukingo wa kikombe chake kama anautafuta ufa. Mapipa yake yote hununuliwa na Kampuni.

— Haraka haraka haina baraka — akasema.

— Saa tano na nusu hii, Pipa!

Na mimi, ambaye matanga yote niliyoshona mwaka ule yalikuwa ya Kampuni, nikajifanya nakunywa kahawa iliyokwisha.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mtu tusiyemjua, baharia aliyeshuka wiki hiyo, mwembamba, ngozi imegeuka manjano kwa homa.

— Samahani, wakubwa — akasema. — Ni kweli zilikuwa zimeoza?

— Usiwasikilize hao, kaka — Levina akamjibu. — Karani wa ghala kasema mwenyewe. Zilizidi. Zikiwa nyingi, bei inashuka.

— Zilizidi?

— Ndiyo, zilizidi.

Baharia akaweka kikombe kwenye benchi polepole, kwa mikono miwili.

— Mwaka juzi tulipewa mashua na mashoka. Tulizunguka vijisiwa vya mbali kukata kila mkungumanga tuliouona, zisije zikazidi. Kwenye kisiwa kimoja mzee mmoja alikuwa na mti mmoja tu, kando ya kisima. Akaukumbatia. Sajini akasema amri ni amri. Mwenye bunduki nilikuwa mimi.

— Ukafanyaje? — Pipa akauliza.

Baharia akafuta viganja vyake kwenye suruali.

— Bintiye alinifuata mpaka majini, anarudia maneno yaleyale. Nikamuuliza mkalimani, anasemaje? Akaniambia: anauliza baba yake alichukua nini, cha nani. Nikajisemea, nikifika nyumbani nitapata mtu wa kuniambia. Nyinyi ni watu wazima. Alichukua nini, cha nani?

Askofu, mwenye methali ya kila jambo, akavua kofia yake.

Pipa akasimama. Akavua aproni yake ya ngozi, akaikunja, akaiacha pale alipokuwa amekaa.

— Mshona matanga — akaniambia, — unakuja au huji?

Tulikimbia kama wezi mpaka ukumbi wa baraza. Pipa alisema mbele ya hakimu kwa sauti ambayo sikujua anayo, nami nikasaini chini ya jina lake. Karani wa Kampuni alikuwepo, akatutazama mmoja mmoja. Kufikia Jumatatu Pipa hakuwa na oda hata ya pipa moja, na kitambaa changu cha matanga kilikuwa kimechukuliwa, kikarudishwa ghalani kwao.

Joos tulimpokea siku ileile pale kwenye nguzo, shati limegandia mgongoni. Nikampitisha mkono kwapani, nikamwambia, kwa fahari kidogo, nakiri:

— Vilikuwa thelathini, ndugu yangu. Tumekupunguzia kumi na vitano.

Joos alitembea hatua chache. Kisha akasimama, akanitazama usoni.

— Na hivyo kumi na vitano nilivyokula — akauliza — vilikuwa vya nini?