Historia ya Dada Yetu Mkereza Vyuma, na Nani Aliyeiua Injini ya Turbo

Wazee wetu, majirani, mafundi wenzake na marehemu, na ninyi wanachama wa klabu ya magari ya zamani mliokaa kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnataka kuwahi kutoka, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule kitinda mimba, ambaye wengi mnanijua kwa jina la Baharia, ingawa kazi yangu melini ilikuwa kumenya viazi, nimezunguka nchi nyingi na nimefukuzwa kazi katika lugha sita, na familia imenichagua nisome historia hii si kwa sababu nasoma vizuri bali kwa sababu katika ukoo mzima mimi ndiye ninayeona haya kidogo kuliko wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1960, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha kukamua mafuta, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa akitunza mashine za kiwanda hicho, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji, na kwa maelezo ya mama alikuwa mtoto asiyelia ovyo, akitaka kitu alikitazama tu mpaka apewe, tabia ambayo alikua nayo, na wako watu humu ndani waliowahi kutazamwa hivyo na hawajasahau.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, sekondari kuanzia 1974 hadi 1977, kisha akajiunga na chuo cha ufundi kwa miaka mitatu kujifunza kukereza vyuma, akiwa msichana pekee darasani, na siku ya kwanza mwalimu alipomuuliza kama amemletea kaka yake chakula alimjibu kwa adabu, "Hapana mwalimu, nimekuja kuchukua cheti," na mwaka 1980 akakichukua, akiwa wa kwanza.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika karakana ya injini, na huko ndiko alikojijengea jina, maana marehemu alikuwa akikereza krenkshafti, ule mhimili mkubwa wa injini, ukitoka mkononi mwake unaweza kujitazamia na kunyolea ndevu, na mafundi walikuwa wakisafiri na injini zao kutwa nzima kumfuata yeye, wakati hapo kwao mashine za kukerezea zilikuwepo. Mwaka 1996 alifungua karakana yake mwenyewe pamoja na mumewe, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, sakafu iliyofagiliwa kama sebule, na juu ya meza iliyokuwa mlangoni kuliwekwa jagi la maji na glasi moja, kwa ajili ya wenye magari ya turbo tu.

Niwaeleze ambao hamko kwenye mambo ya magari, kwamba turbo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, kikaishindilia injini hewa ili ipate nguvu kuliko umri wake, na kifeni hicho huwa cha moto kama jiko, kwa hiyo ukishaliendesha gari kwa fujo hutakiwi kuzima hapo hapo, unaiacha injini ingurume polepole ili oili izunguke na kukipoza, la sivyo oili inaungua humo ndani na kugeuka lami. Marehemu alikuwa akimwambia kila mteja, "Usizime bado, kunywa maji kwanza, glasi ikiisha ndiyo uzime," na hakuna aliyetoka pale na kiu wala na turbo iliyoungua.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1987 na shemeji yetu, ambaye wakati huo alikuwa muuza vipuri maarufu, mnamjua kwa jina la Bosi Spea, ndiye yule wa safu ya tatu mwenye suti ya rangi ya maziwa, na walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye leo ni fundi umeme wa magari, na ambaye asubuhi ya leo alisoma karatasi hizi zote jikoni, akanirudishia na kuniambia, "Mjomba, ni baba yangu, lakini soma yote." Nasoma yote.

Mwaka 1998 mjane wa wakili mmoja alikuwa anauza magari mawili ya spoti ya zamani, ya aina moja, mwaka mmoja, yote mekundu, milango miwili, taa za mbele zinazofumba na kufumbua kama macho, tofauti yake ni kwamba moja lilikuwa la turbo na la pili lilikuwa linavuta pumzi yake lenyewe, na uwezo wa familia ulikuwa wa gari moja. Kwa miezi kadhaa nyumba ile haikuzungumza jambo lingine. Shemeji alikuwa akisema, "Mke wangu, turbo ni turbo, ukikanyaga unabandikwa kwenye kiti kama stempu," naye dada anajibu, "Na kona ikifika kabla turbo haijaamka?" Shemeji, "Kona ni kazi ya dereva." Dada, "Basi dereva ajue na kusubiri, mashine hiyo inataka mtu mwenye subira, na wewe hata chai husubiri ipoe." Marehemu alilitaka lile la kawaida, alikuwa akisema ukiligusa mafuta linakujibu hapo hapo, kama mtu mwenye heshima zake aliyeitwa jina, halikawii halafu likakurupuka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka safari, wakaniomba nitoe uamuzi kama mtu aliyeona dunia, nikasema tuchukue lile jekundu.

Mwishowe dada ndiye aliyelegeza, akamwambia mumewe, "Haya, chukua turbo yako, lakini injini nitaifunga mimi, na kuizima utaizima ninavyokwambia," shemeji akakubali mbele yetu sote, wakalinunua, na marehemu akaifungua injini ile yote, akakereza krenkshafti yake kwa mikono yake, akaifunga upya, ikawa inanguruma mpaka majirani wanatoka nje kuisikiliza.

Tarehe 19 Agosti 2001, siku ya Jumapili, klabu ilifanya mashindano ya kupanda mlima, dada akabaki chini kwenye mstari wa kuanzia, shemeji akapanda na turbo, na niseme kweli kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa akiisema, alipanda vizuri, akavunja rekodi. Kule kileleni kulikuwa na watu wanapiga makofi na mpiga picha amesimama tayari, na shemeji yetu, ili makofi yake yasikike vizuri, alizima injini papo hapo, akatoka na kunyanyua mikono. Alipotaka kuteremka gari likatoa moshi na mlio kama wa kijiko kwenye mashine ya kusaga, likashushwa mlimani kwa kamba, na dada alipomuuliza, "Uliiacha ipumzike kwanza?" akamjibu, "Niliiacha, tena sana."

Jioni hiyo hiyo, mezani pale klabuni, shemeji aliwaambia wenzake kwamba mke wake ni mtu mzuri ila amekosea vipimo vya krenkshafti, na dada alipoomba aifungue injini aone kilichotokea alimkatalia, akisema, "Umeshaiua mara moja, inatosha," gari likafunikwa turubai nyuma ya duka la vipuri, na maneno yale yakatembea. Mnajua yalivyotembea, maana wengine wenu ndio mliokuwa miguu yake. Kampuni ya mabasi iliondoa injini zake karakanani mwaka 2002, mafundi waliokuwa wakisafiri kutwa nzima kumfuata wakaanza kupita mlangoni bila kugeuka, na mwanamke aliyekuwa akikereza krenkshafti za kujitazamia akabaki kunyoosha bawaba za mageti na kukereza pampu za visima. Ndoa ilivunjika mwaka 2003, shemeji akaondoka na turbo yake chini ya turubai.

Mwaka 2004 marehemu alirudi kwa yule mjane, akalikuta lile gari la pili, lile la pumzi yake lenyewe, bado halijapata mtu, akalinunua na kulitengeneza peke yake, na kuanzia hapo, kila Jumapili, alipita nalo mbele ya duka la Bosi Spea, kwa gia ya pili, madirisha wazi, bila kugeuza shingo. Nilimwambia dada sasa hii ni chuki, akaniambia, "Siyo chuki, ni barabara ya serikali." Kila mwaka alipanda nalo mlima ule ule, hakuwahi kuifikia ile rekodi ya turbo, wala hakuwahi kudai kuifikia, ila kila mwaka aliteremka kwa injini yake mwenyewe. Mimi nilipanda naye mara moja tu, na kutoka garini ilibidi nivutwe na wanaume wawili, kwa sababu gari lile lilitengenezwa kwa watu wasio na tumbo.

Mwezi Februari 2019 shemeji aliliuza lile la turbo, likiwa kama lilivyoshushwa mlimani, kwa daktari wa meno ambaye ni mgeni mjini kwetu, na daktari, kwa kuwa hakuwa amesikia maneno yoyote, akauliza mkereza vyuma mzuri ni nani, akaelekezwa kwa dada, akaliburuta mpaka karakanani kwake. Marehemu aliliona turubai kabla hajaliona gari, akamwambia daktari avute kiti, aangalie kila nati inayofunguliwa. Krenkshafti ilitoka ikiwa na vipimo vile vile alivyoiacha navyo, beringi zake zinang'aa, na mhimili wa ile turbo ulikuwa umeganda kwa oili iliyoungua, nyeusi, ngumu, kama sukari iliyosahauliwa kwenye sufuria. Dada alikaa chini akacheka, alicheka mpaka daktari, kwa mazoea ya kazi, akaanza kumkagua magego.

Nilipopata habari nilimwambia twende klabuni leo leo, akakataa, akasema, "Nikisema mimi, ni mke aliyeachwa. Akisema daktari, ni mteja wangu. Ngoja nife, hapo nitakuwa sina maslahi, nawe ndiye utakayesoma, na usilainishe." Akaifunga ile injini upya, akamkabidhi daktari gari lake, lipo hapo nje, na mhimili ulioungua ndio huu mezani, pembeni ya picha yake, kila mmoja wenu akija kuaga auguse, hauchafui mkono.

Mwaka 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, akatibiwa katika hospitali ya wilaya na baadaye hospitali kubwa ya rufaa, na mwaka huu, kuanzia mwezi Aprili, akawa hawezi kukaa bila mashine ya oksijeni, nilipoingia wodini akaniangalia juu ya ile barakoa, akaisogeza kidogo na kusema, "Umeona mdogo wangu, mwisho wa yote nimefungwa turbo," nesi akacheka mpaka akaambiwa atoke. Alifariki dunia Ijumaa tarehe 7 Juni 2024, mchana, binti yake akiwa amemshika mkono.

Nilitaka kuishia hapo, kweli nilitaka, mimi ni mtu wa kusahau. Lakini Jumapili, msibani, nikiwa nazunguka na birika chini ya turubai la wageni, nilimsikia shemeji akiwaambia watu wa klabu, "Alikuwa mke mwema jamani, ila ile injini ilimzidi," mmoja akaitikia, "Ndiyo hivyo bwana," na mimi nikamimina chai ya moto kwenye kiatu changu mwenyewe, kwa sababu hata hasira yangu haina shabaha. Mtu amelala hata hajazikwa, na bado anadaiwa injini asiyoiua.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, na hasa nesi yule aliyetolewa nje, kwa majirani waliotupatia viti, maji na vyumba vyao bila kuombwa, kwa mafundi wa karakana yake waliozima mashine tangu Ijumaa, kwa daktari wa meno, aliyeko safu ya pili na aliye tayari kuulizwa lolote na mtu yeyote, na kwa wana klabu wote, mliosema na mlionyamaza, hamkuacha kuja.

Baada yangu ratiba inaonyesha neno kutoka kwa shemeji, aliliomba mwenyewe, na familia imemkubalia bila sharti, kipaza sauti nakiacha hapa kikiwa kimewashwa. Shemeji, machozi tutalia wenyewe, na sifa za mke mwema tunazijua, sisi tunataka sentensi moja tu, kwamba uliizima ikiwa ya moto. Ukiisema tutakupa mkono, utabeba jeneza upande wa kulia pamoja na mimi, na jina lako halitatajwa tena kwa ubaya nyumbani kwetu. Ukishindwa, baki hapo hapo ulipokaa, watu wote hawa watakungoja kimya, nao wataelewa.

Dada, pumzika kwa amani yako yote. Ya shemeji tumeishikilia sisi, ataipata akishasema.