Barua Iliyolala Nyumba Sita: Historia ya Marehemu Alinanuswe Mwaitebele, 1921–1959

Mchungaji, Mkuu wa Chuo na walimu wako, wazee wetu mliotoka Rungwe kwa basi la Relwe, shirika la reli, mkafika jana mmejaa vumbi hadi kwenye nyusi, majirani wa hapa Iringa, na nyote mlioacha shughuli zenu leo Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1959, kumsindikiza Alinanuswe, familia inawasalimu na inawaomba mvumilie kidogo, kwa maana historia hii imeandikwa mara tatu na kuchanwa mara mbili, na hata hii ya tatu aliyeiandika hana hakika nayo. Anayeisoma ni Tusajigwe, mdogo wake marehemu, fundi seremala wa Tukuyu, ambaye humu ametajwa kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndivyo historia za marehemu zinavyoandikwa, na kwa sababu kuna mahali asingeweza kupasoma kama angejiita mimi.

Alinanuswe alizaliwa tarehe 4 Mei 1921, karibu na misheni ya Rungwe, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Abrahamu Mwaitebele na mama Sekela, ambaye yuko hapa mbele yenu. Tarehe hiyo imetolewa kwenye daftari la ubatizo, lakini mama anasema daftari limekosea mwaka mzima, na tangu jana wazee wawili wamenuniana kwa ajili ya mwaka huo mmoja, kwa hiyo tumeshika cha kanisani, maana marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kushika kilichoandikwa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1930 hadi 1936, akaendelea Malangali kuanzia 1937 hadi 1940, na mwaka 1941 akaingia jeshini, ambako wengi tulidhani anapigana vita, kumbe alikuwa Nairobi akipanga makasha ya vitabu vya askari, akihesabu vilivyotoka na vilivyorudi. Aliporudi nyumbani mwezi Machi 1946 wenzake walikuwa na makoti na hadithi za Burma, na yeye alikuwa na tabia ya kuandika namba kwenye kila kitu, hata jembe la baba alilibandika namba, na baba alishinda siku nzima akilitazama.

Baada ya mafunzo ya ualimu ya mwaka 1947 na 1948, aliajiriwa tarehe 1 Februari 1949 katika chuo cha ualimu cha misheni, hapa nje kidogo ya mji, akapewa vipindi vya Kiswahili na hesabu, pamoja na ufunguo wa chumba kilichokuwa na vitabu mia nne na kumi na viwili, majembe ishirini na madumu ya mafuta ya taa. Aliyatoa majembe, akayatoa madumu, vitabu akavibakiza, na kufikia mwaka 1955 vilikuwa zaidi ya elfu tatu, kila kimoja na namba yake mgongoni na kadi yake kwenye droo. Sheria yake ilijulikana hadi mjini, kwamba aliyechelewesha kitabu wiki mbili aliandikwa kwa wino mwekundu na hakuazimishwa tena mpaka muhula uliofuata, awe mwanafunzi au mwalimu, na Mkuu wa Chuo, ambaye tunaona anatabasamu, aliwahi kunyimwa na akakubali.

Hapa ndipo familia ilipoanza kuchanganyikiwa, na haijaacha hadi leo. Tulipoulizwa kazi ya Alinanuswe hatukujua la kujibu, maana mwalimu ana daraja la kwanza na la pili, karani ana vyeo vyake, hata mpishi wa chuo ana mpishi mkuu juu yake, lakini mtunza maktaba hakuwa na ngazi ya kupanda wala mtu wa kumwonyesha iko wapi, na katika karatasi za chuo mwaka mmoja aliandikwa mwalimu, mwaka mwingine karani, na mwaka 1952 aliandikwa mlinzi wa stoo, jambo lililomfanya asile chakula cha mchana. Alijifunza mwenyewe kwa masomo ya posta kutoka Uingereza, mwaka 1953 alihudhuria semina ya wiki mbili Mbeya ya watu wanaotunza vitabu, akarudi ana furaha kama aliyeposa, na kuanzia hapo alikuwa na shauku moja tu, kwenda Kampala kwa mafunzo ya mwaka mzima, apate cheti, ili kazi yake iwe kazi, na anayekuja nyuma yake akute ngazi.

Tarehe 7 Oktoba 1950 alifunga ndoa takatifu katika kanisa la Kilutheri hapa Iringa na Marta, binti wa Kibena, na Mungu akawajalia watoto watatu, Juliana aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1951, Sedekia wa tarehe 19 Juni 1954, na Sekela mdogo wa tarehe 2 Februari 1957. Marta anasema aliolewa pamoja na maktaba, kwa kuwa nyumbani nako kulikuwa na sanduku la kadi, lenye droo mbili, alilolitengeneza Tusajigwe mwaka 1954 kwa mbao za mninga, na jirani aliyekuja kuazima sufuria kubwa, ngazi au pasi ya mkaa aliandikiwa kadi, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Watu walicheka sana, lakini ni haki kusema kwamba katika mtaa ule hakuna sufuria iliyopotea.

Sasa tumefika mwaka 1956, ambao umechana karatasi mbili. Wazee walishauri iandikwe kwamba mwaka huo marehemu hakwenda masomoni kwa sababu zisizozuilika, na Tusajigwe akaandika hivyo mara ya kwanza, akaona mkono unakataa, kwa sababu sababu ilizuilika na yeye ndiye sababu.

Ilikuwa hivi. Desemba 1955 Alinanuswe alikuja likizo nyumbani, akaandika ombi la kwenda Kampala akatoa anwani ya misheni, maana hakutaka jibu lipitie ofisi ya chuo kabla hajajua amekubaliwa, akamwita mdogo wake akamwambia barua ikifika asikae nayo, apande basi, ailete Iringa mkononi. Barua ilifika Tukuyu Jumanne tarehe 24 Januari 1956. Tusajigwe, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na asiyejua Kiingereza, aliipeleka kwa mama ili aione tu kabla ya kupanda basi, na mama akauliza ni mtoto wa namna gani anayetaka kuipitisha baraka kama hiyo mlangoni bila ukoo kuisikia. Jumapili ya tarehe 29 mwalimu wa shule aliisoma kanisani, akafasiri ukurasa wa kwanza, uliosema kwamba Alinanuswe Mwaitebele amekubaliwa, na kabla hajafunua wa pili kina mama walikuwa wamepiga vigelegele, wimbo umeanza, na mwalimu mwenyewe akakunja barua akaimba.

Hakuna aliyefunua ukurasa wa pili. Baba mkubwa alisema habari njema haipiti nyumbani kwake kama mgeni asiyekaribishwa, lazima ilale, basi ikalala kwake wiki moja, chini ya Biblia, na kuku akachinjwa, ikalala kwa shangazi, ikalala kwa mzee wa kanisa, kisha mama akakumbuka kwamba mjomba aliye machimboni Chunya atakufa kwa kinyongo asipoiona, Tusajigwe akaenda Chunya, mvua ikafunga barabara, akakaa huko siku kumi na tatu, akarudi kupitia kwa dada yetu Mbeya, halafu Chimala kwa mkwe, na kila mahali alishiba, alisifiwa na kuketishwa kiti cha mbele, na ni kweli, kwa nini afiche, alifurahi mno, hajawahi kufurahi vile. Alifika Iringa Jumamosi tarehe 17 Machi, barua ikiwa na alama ya mafuta ya kuku kwenye pembe.

Kaka yake alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akakaa. Ukurasa wa pili ulikuwa fomu, ijazwe na irudishwe ifike Kampala kabla ya tarehe 29 Februari. Aliuliza kwa upole barua ilifika lini, na Tusajigwe, ambaye aliona uso ule akaogopa bila kujua anaogopa nini, alisema ilifika juzi, posta imechelewa. Alinanuswe aligeuza bahasha, akaitazama nyuma, akasema, "Umechoka, mdogo wangu, kunywa chai," akaingia ndani akajaza fomu jioni ile ile. Jibu lilikuja mwezi wa Aprili, kwamba nafasi amepewa mwingine, aombe tena mwaka 1958.

Miaka mitatu Tusajigwe ameishi na uongo huo, na miaka mitatu hakuelewa. Kama kaka yake alijua, mbona hakugomba, na kama hakujua, mbona hakuwahi kuilaumu posta hata mara moja, yeye aliyeweza kumwandikia bwana posta barua ya kurasa nne kwa sababu ya gazeti lililochanika? Na mbona kuanzia mwaka huo huo, kila likizo, alimwazima mdogo wake kitabu cha useremala chenye picha, akimfundisha maneno yake moja moja, hata leo mtu huyu anasoma vipimo vya Kiingereza na ana karakana yake?

Kikohozi kilimwanza marehemu mwezi wa Novemba 1957, akalazwa mara nne hospitali hapa Iringa, na nafasi ya Kampala iliporudi mwaka 1958 daktari hakuweza kuisaini fomu ya afya. Alichofanya kimewachanganya wengi, kwani hakuiacha nafasi ipotee, alimchukua msaidizi wake, kijana Didas, akamfundisha miezi mitano akiwa anakohoa, akamwandikia barua ya kumpendekeza, akamkimbiza posta nayo kwa miguu siku ile ile, na Didas alikwenda Kampala Julai 1958, akarudi na cheti mwezi uliopita, na ndiye mwenye ufunguo sasa, wa kwanza katika chuo hiki kuandikwa kwenye karatasi za mshahara kwa jina la kazi yenyewe, mtunza maktaba. Marehemu alioneshwa karatasi hiyo kitandani, akaomba miwani, akaisoma mara mbili. Alifariki dunia Jumatano tarehe 12 Agosti 1959, saa tatu asubuhi, mke wake akiwa ameshika mkono wake.

Jana, Marta alipofungua lile sanduku la mninga kutafuta tarehe za historia hii, kwa sababu humo aliandika kila kitu, alikuta kati ya kadi ya ngazi na kadi ya sufuria kadi nyingine, akaisoma, akampa Tusajigwe. Hiyo ndiyo iliyochana karatasi ya pili. Nayo inasema hivi: Barua ya mafunzo, Kampala. Imefika Tukuyu 24/1/56, kwa muhuri wa posta nyuma ya bahasha. Mwazimaji: Tusajigwe, mdogo wangu. Imerudi 17/3/56. Imechelewa wiki saba na siku nne. Na chini yake, kwa wino mwekundu, ule ule uliowatisha walimu: Mwazimaji asizuiwe.

Tusajigwe ameisoma kadi hiyo tangu jana na bado hajui aiite nini. Alijua, basi, siku ile ile, kabla chai haijapoa. Mama anasema ni msamaha, mzee mmoja anasema mtu aliyesamehe haandiki hesabu ya siku, na Tusajigwe yuko katikati yao, anawaelewa wote wawili. Anachojua ni kwamba hajawahi kuomba radhi, na kwamba sasa anaomba, mbele yenu na mbele ya jeneza, amechelewa zaidi ya wiki saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali waliomhudumia kwa muda wote wa ugonjwa, na hasa yule muuguzi aliyekubali vitabu vya wodi vipewe namba, inamshukuru Mkuu wa Chuo, walimu na wanafunzi waliobeba maji na kuni tangu Jumatano, majirani waliolala na wafiwa sebuleni, na ambao bado wana vyombo vyetu, wasiwe na haraka, wachungaji wa makanisa yote mawili, la nyumbani Rungwe na la hapa Iringa, na dereva wa Relwe aliyewangoja wazee wetu Chimala wakati mmoja wao alipougua njiani. Tungependa kumtaja kila mmoja, lakini hatuwezi, na aliyetaka orodha kamili ndiye huyu tunayemzika.

Limebaki jambo moja. Kitabu cha mwisho cha useremala, kilichoazimwa likizo ya Mei, kilitakiwa kurudi tarehe 31 ya mwezi huu, na Tusajigwe amekileta leo, kimefungwa kwa kitambaa, hakikulala popote njiani, na Didas atakipokea hapa kaburini na kuigonga kadi yake muhuri mkisikia wote. Kaka, kimerudi siku kumi na saba kabla ya siku yake. Pumzika kwa amani.