Jumatano Yangu Haina Bei ya Mwisho

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, asalaam aleikum, na wale wa upande wa pili, amani iwe kwenu. Mwenyekiti kaniambia nizungumze kwa ufupi na nisimkwaze mtu. Hilo la ufupi nitajitahidi.

Niseme ukweli, nimekuja hapa nimenuna. Nimenuna tangu mkutano uliopita, tulipoletewa yule mgeni wa kutufundisha mambo ya kupanga muda. Alisimama hapa hapa na koti lake zuri, akauliza nani ana kipaji anachokitelekeza kwa sababu ya kazi. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akaniambia, "Dada, amka saa kumi alfajiri. Hiyo saa ni yako peke yako." Na nyie mkapiga makofi! Nikashusha mkono kwa heshima ya kikundi, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Jamani, alfajiri yangu ina wenyewe. Ina swala, ina chai, ina sare za watoto ambazo jana jioni kila mtu aliapa zipo, na asubuhi soksi moja haionekani. Nyumba yetu ya kupanga Buguruni, ukichelewa kidogo maji yameshachotwa na wenzako. Yule baba hajawahi kuishi alfajiri ya mtu kama mimi. Ndiyo maana nimeomba zamu ya kutoa ushuhuda leo, nisiwaache na uongo ule.

Wengi mnanijua mimi ni meneja wa duka la jumla la kanga na vitenge pale Kariakoo. Wachache wanajua kwamba mimi pia nachora kanga. Namaanisha ule mchoro wenyewe, pindo linalozunguka na mji wa katikati. Nimechora tangu mtoto, kwa mkaa, kwenye sakafu ya uani, mama akinifokea huku akikwepa kukanyaga. Nilipoanza kazi dukani kama muuzaji, mchana wenzangu wakila mimi nachora juu ya marobota. Tajiri mwenye duka alikuwa akiwaonyesha wageni: "Huyu binti yangu ana mkono!" Alijisifu utadhani mkono ni wake.

Kisha nikapewa umeneja. Nyumbani kulipikwa pilau. Baba watoto akatembea mtaa mzima akisema mke wangu meneja. Mimi mwenyewe nilijiona nimeula. Sikujua kuwa nimekabidhiwa kamba ya kunifunga.

Nawaeleza jinsi Kariakoo inavyofanya kazi, kwa wale ambao kazi zenu ni nyingine. Mteja wa jumla akija, muuzaji anamtajia bei. Mteja hataki bei hiyo, anataka bei ya mwisho. Na bei ya mwisho, kwa desturi ya maduka yetu, anaijua tajiri na anaijua meneja, basi. Muuzaji haambiwi. Akiambiwa, eti ataitoa kwa kila mtu, au tofauti ataitia mfukoni mwake. Kwa hiyo muuzaji anasema, "Subiri nimuulize dada." Na dada ndiye mimi.

Dada akiwa anakula, anaulizwa bei ya mwisho. Dada akiwa chooni, mlango unagongwa, "Dada, mteja wa Lubumbashi anaondoka!" Jumapili nikiwa nafua, simu inalia. Siku ya khitma ya mama yangu mdogo, Mungu amrehemu, tumekaa kwenye mkeka watu wanasoma, simu ikatetemeka mapajani. Nikaipokea. Ndiyo, niliipokea! Nikanong'ona bei ya mwisho ya korija za vitenge, zile ishirini ishirini, huku wenzangu wakiitikia amina. Shangazi yangu alinitazama jicho lile mpaka leo nalikumbuka. Na hasira niliyokuwa nayo siku ile nilimrushia nani? Niliwarushia wanangu, kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu.

Kuchora kukafa taratibu. Brashi zikakauka kwenye kopo mpaka zikawa ngumu kama vijiti vya kuchokonolea meno. Baba watoto akaniambia kwa upole kabisa, "Si una mshahara mzuri sasa? Rangi za nini tena?" Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikawa mtu wa kisirani. Siku moja niliingia stoo kutafuta mzigo, nikakaa katikati ya marobota ya kanga zilizochorwa na watu wengine, nikalia mpaka mtandio ukalowa. Nje wakaita, "Dada, bei ya mwisho!" Nikafuta uso nikatoka nikawapa.

Sasa kuna mama mmoja wa Upanga, mtu mzima, familia yake imekaa na biashara ya kanga tangu enzi za babu zake. Yeye hukusanya michoro na kuipeleka kiwandani. Aliona mchoro wangu wa zamani, akaniita. Akasema, "Nina nafasi ya mchoro mmoja. Niletee kanga nzima, pindo na mji, kabla ya Ramadhani. Ukichelewa nampa mwingine." Ndugu zangu, nilishuka zile ngazi za ghorofa lake kama msichana. Nafasi ile niliiota miaka yote.

Nikafanya vile vile alivyotufundisha yule mgeni wenu. Nikachora alfajiri kidogo. Nikachora mchana kidogo, kalamu mkono mmoja, simu mkono mwingine. Nikachora kwenye bajaji tukiwa kwenye foleni. Kila upenyo nilioupata niliutumia, na nilijipongeza kwa hilo. Mchoro ukaisha kabla ya siku yenyewe. Nikaukunja vizuri, nikaenda Upanga nimevaa nguo ya Idi.

Yule mama akautandaza mezani. Pindo la kanga, kama hamjawahi kuliangalia, ni lazima likutane kwenye kona. Ua linaloondoka kona hii lifike kona ile likiwa ni lile lile, ukubwa ule ule, pumzi ile ile. Ukiinuka katikati ya pindo kwenda kujibu simu, ukirudi mkono umeshabadilika. Yeye akapitisha kidole pembeni, kona kwa kona. Alipomaliza akaniuliza, "Mlichora wangapi?"

Nikamwambia, peke yangu.

Akasema, "Hapana. Hii imechorwa na watu wanne, na hawakuwa wanaongea." Akaukunja, akanirudishia. "Siku bado zipo kidogo. Mlete mmoja tu kati yao."

Niliondoka pale nimewaka moto. Kwanza nilimkasirikia yeye. Bajaji ilipofika Mnazi Mmoja nikawa nimemsamehe, maana alisema kweli tupu. Hasira ikatafuta pa kwenda. Na hapo hapo simu ikalia. Mnajua waliuliza nini? Semeni wenyewe! Eeh. Bei ya mwisho.

Nikasema, "Nakuja kuitoa."

Nilishuka mbele ya duka. Ndani pamejaa wateja, wauzaji wananitazama kama watu waliosubiri mvua. Nikawaita wauzaji wote stoo, nikafunga mlango, nikawatajia bei ya mwisho ya kila kitu kilichomo mle. Kanga, vitenge, korija moja, korija nyingi, mteja mpya, mteja wa zamani. Binti mmoja, muuzaji wetu mkongwe kuliko hata mimi, akashika mdomo. "Dada, unatuambia ya nini? Si utafukuzwa?" Nikamwambia, "Wewe umeuza hapa kabla yangu. Aliyeona hufai kuijua ni nani?" Macho yalimjaa machozi, akatoka, akaenda kumhudumia mteja wa Comoro. Kwa mara ya kwanza hakusema subiri nimuulize dada.

Tajiri habari zilimfika kabla jua halijazama. Akaja anatweta.

"Nani kakuruhusu kutoa siri ya duka langu?"

"Bei si siri, bosi. Kila mteja anaondoka nayo kichwani."

"Wataniibia hao!"

"Kama ni wezi, wafukuze. Kama si wezi, waache wauze. Na mimi nataka Jumatano, kuanzia mchana."

"Ya nini?"

"Ya kuchora."

Akacheka. Wallahi, alicheka mpaka akashika meza. "Meneja mzima unaacha duka ukachore maua?"

Hapo nilisahau adabu zote nilizofundishwa na marehemu mama. Nikamwambia, "Wewe kila Jumatano uko Kibaha unaangalia ng'ombe zako, simu umezima. Nani amewahi kukucheka? Ng'ombe wana siku yao, mimi sina?"

Tajiri akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda kakae nyumbani mpaka nitakapokuita."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikuwa na ada za shule kichwani na nilijuta njia nzima. Nilipofika, baba watoto alinisikiliza mpaka mwisho. Nikasubiri anigombeze. Akainuka, akatoa vyombo vyote mezani, akaifuta meza kwa upande wa kanzu yake. Akasema, "Basi chora. Kama ni kufukuzwa, usifukuzwe bure."

Nikachora, wenzangu. Kwa kukaa kitako, bila kuinuka katikati ya pindo. Watoto walikula kwa jirani. Majirani nao hawakuacha kuchungulia, "Mama nanihii, mbona leo huendi kazini? Unaumwa?" Baba watoto yuko mlangoni anajibu, "Yuko kazini." Siku ya tatu tajiri akapiga simu, akaipokea yeye. Nikasikia, "Yuko kazini." Tajiri upande wa pili akapaza sauti, "Kazini wapi? Mimi ndiye mwajiri wake!" Baba watoto akamwambia, "Hii ni ile nyingine. Piga jioni."

Alipiga jioni. Akaniambia kwa kununa kwamba duka halijaungua na hesabu zimekaa sawa. Binti yule muuzaji aliuza vizuri, maana mteja hakusubirishwa tena. Akasema nirudi, na hiyo Jumatano nichukue. Lakini msifikiri aliniomba radhi. Alinipunguzia marupurupu, na mpaka leo Jumatano ikifika anaguna kama mtu mwenye jino bovu. Wako wateja waliohama, wamezoea kubembelezwa na meneja mwenyewe. Haya ni mapambano, hayajaisha. Ila Jumatano mchana ni yangu, na simu inalala kabatini.

Sasa nigeukie huku kwenu, na mwenyekiti anisamehe, niliahidi ufupi tu. Wapo humu ndani, siwataji, ambao Jumatano hunitafuta kwa simu ya baba watoto: "Mwambie mwenzako si yuko nyumbani tu, anisindikize hospitali," "anishikie mtoto," "anichoree kadi ya harusi mara moja, kwake ni kitu kidogo." Kwangu si kitu kidogo! Mngenikuta nimekaa nyuma ya kaunta bila kufanya lolote mngeniita meneja. Mnanikuta nimeinama juu ya karatasi, mgongo unauma, mnaniambia sina kazi. Linaniudhi hilo kuliko kicheko cha tajiri, kwa sababu yeye simtarajii anielewe. Nyie nawatarajia.

Yule mgeni alituambia tutafute muda. Muda haukupotea, jamani, hauko chini ya kitanda. Wangu ulikuwa mikononi mwa watu, na nusu yake niliwakabidhi mimi mwenyewe, kwa sababu kuitwa kila dakika kulinifanya nijione mkubwa. Niliacha ule ukubwa, nikagombana kwa kilichobaki. Mwenye cherehani yake humu ndani, mwenye sauti ya kaswida, mwenye hadithi kichwani, usiamke saa kumi. Lala. Kisha mchana kweupe ukamtazame anayekalia siku yako, umwambie ainuke.

Nashukuru. Namshukuru baba watoto na kanzu yake iliyochafuka. Nawashukuru wauzaji wenzangu ambao hawakuniangusha hata siku moja. Jirani yangu aliyewalisha wanangu, yuko pale nyuma anajificha, Mungu akulipe. Na yule mama wa Upanga namshukuru pia. Nilipompelekea mchoro wa pili alipitisha kidole kona zote, hakunisifu. Alisema tu, "Acha hapa."

Ule mchoro ulipigwa chapa. Ukaja Kariakoo kwa marobota, ukaingia mpaka dukani kwetu. Mteja wa kwanza alichukua korija nzima, akabishana na binti yule muuzaji mpaka akapewa bei ya mwisho, akalipa, akaondoka na kanga yangu kichwani kwa mchukuzi. Binti aliniambia kesho yake. Ningependa kuiona ikitoka pale mlangoni, lakini sikuwepo dukani. Ilikuwa Jumatano.