Siku Upepo Alipokuja Kuliona Gari Lake

Siku ile tulikuwepo hawa: Fundi Bodi, mwenye gereji, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu; Sindano, anayeshona viti vya magari katika chumba cha pembeni; Tani Kumi, dereva wa lori, aliyekuwa anasubiri springi zake zibadilishwe; mume wangu, ambaye kijiweni wanamwita Gia; na mimi, na birika langu la kahawa, na mwanangu mgongoni. Upepo alikuja baadaye, na hakuna aliyemtarajia. Tulikaa pale tunapokaa siku zote, nje ya gereji, kwenye benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha basi. Limelegea katikati, kwa hiyo anayekaa hapo huzama na kuonekana mfupi kuliko wenzake. Sindano hukaa hapo kila siku. Wengine wanamcheka, lakini mimi najua anapaacha pembeni palipo imara kwa ajili ya mgongo wa Tani Kumi.

Mbele yetu lilisimama gari la Upepo, limefunikwa turubai.

Upepo ni mtoto wa mtaa huu. Alijifunza kuendesha hapahapa, akiyaingiza na kuyatoa magari ya wateja wa Fundi, na baadaye akawa dereva wa mbio ambaye jina lake lilitajwa redioni kila msimu. Mwaka mmoja kabla ya siku ile gari lake lilipinduka kwenye kona, likabiringika hadi bondeni. Alilala hospitali muda mrefu. Alipotoka alitangaza kwamba ameacha mbio, akashukuru kila mtu, basi. Timu yake ilitaka kulitupa lile gari. Fundi akaliomba, akalivuta mpaka gereji, na tangu hapo kila jioni, kazi za wateja zikiisha, yeye na mume wangu na Sindano walikuwa wanalinyoosha. Sasa lilikuwa limekamilika. Jumapili mume wangu angeliendesha katika mbio za wanaoanza.

Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema kitu. Usiku nililala nikisikiliza anavyopumua. Lakini mchana unasemaje mbele ya watu wanaofanya kazi kwa mapenzi kiasi kile? Nilikuwa nawamiminia kahawa tu.

Asubuhi ile mazungumzo yalikuwa yaleyale: kwa nini Upepo aliacha. Sindano alishikilia kwamba mama yake ndiye aliyemwapisha, pale pale kitandani hospitali. Tani Kumi akasema dereva akishawasha injini hana mama. Kwa maoni yake, gari likibiringika damu yote inakimbilia kichwani, halafu inasahau njia ya kurudi miguuni. Yeye alimfahamu dereva mmoja ambaye baada ya kupinduka hakuweza tena kwenda mbele, alijua rivasi tu, na alikwenda kuoa kwa rivasi. Sindano akauliza kama bibi harusi alikaa mbele au nyuma. Fundi naye akaja na yake, kwamba wenye mbio walimwomba aache kwa sababu saa zao zilikuwa hazimpati, anapita kabla hazijabonyezwa. Mume wangu, ambaye akimtaja Upepo hushusha sauti kama yuko msikitini au kanisani, alisema Upepo aliondoka ili wengine wapate nafasi.

— Kwa hiyo amekuachia wewe? Tani Kumi akamuuliza. Alikupigia simu?

Walicheka, na mume wangu akacheka nao. Kisha Tani Kumi akasema yeye anaona kosa ni la gari lenyewe. Magari ya siku hizi ni laini kama mkate.

— Lori langu likigonga ukuta, ukuta ndio unaomba radhi.

— Ndiyo maana yale mabomba nimeyanyoosha yote, Fundi akasema.

Alikuwa na maana ya mabomba ya chuma yaliyofungwa ndani ya gari la mbio, yanayomzunguka dereva ili paa lisimwangukie. Yalikuwa yamekunjika vibaya. Fundi aliyapasha moto, akayanyoosha, na palipopinda zaidi akaunga chuma juu ya chuma. Alisema safari hii hayakunjiki hata gari likidondoka kutoka mawinguni. Sindano akakumbusha kwamba mikanda ya kiti nayo ameishona upya, mara tatu, kwa uzi wa viatu. Mume wangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, uso unang'aa. Mimi nilikaza kitambaa cha mtoto.

Hapo ndipo tulipomwona Upepo anakuja kwa miguu, na fimbo. Mguu wa kulia ulikuwa unakuja nyuma ya mwenzake kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Tulisimama wote. Tani Kumi, na mgongo wake ule, alipisha pembeni palipo imara. Upepo akamshika bega, akamrudisha chini, akaenda kukaa katikati, akazama. Nilimwona hakunji vidole vya mkono wa kulia, basi kikombe nikamgeuzia kishikio upande wa kushoto. Akaniangalia.

— Ahsante sana, mama.

Tani Kumi hakuweza kuvumilia. Alimweleza habari ya saa na ya damu na ya harusi ya rivasi, na Upepo akacheka mpaka akashika mbavu, nikajua bado zinamuuma. Alipotulia alisema ukweli wenyewe hauna utamu wa namna hiyo. Tangu ajali, akigeuza kichwa kwa haraka anaona barabara mbili.

— Najua moja ni ya kweli, alisema. Ila sijui ni ipi.

— Si ungechagua moja ukaenda nayo, Tani Kumi akasema, kwa upole kuliko kawaida yake.

— Ningekuwa peke yangu ningejaribu, ndugu yangu. Lakini pembeni yangu hukaa mtu anayenisomea njia. Naye ana watu wake.

Nilimpenda moyoni kama kaka yangu wa kuzaliwa.

Fundi alilivua gari turubai kwa mikono miwili, taratibu, kama anamfunua bibi harusi. Upepo alilizunguka gari lote. Alipitisha kiganja mlangoni, akakirudisha, akatafuta palipobonyea, asipaone. Alimwambia Fundi kwamba mlango ule aliuacha kama karatasi iliyokunjwakunjwa, na kwamba duniani amekutana na mafundi wengi ila mkono kama huu hajauona. Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa amesubiri maneno yale kila jioni.

Kisha Upepo akaingiza kichwa na mabega ndani. Alikaa humo muda. Mkono wake wa kushoto ulipapasa bomba la juu ya kiti, pale penye chuma juu ya chuma. Ukashuka kwenye mkanda, ambapo Sindano alikuwa ametarizi jina la Upepo kwa uzi wa njano, ukafuata herufi moja baada ya nyingine.

— Hapa ndipo kilipokuwa kichwa changu, alisema.

Fundi akasogea karibu.

— Bomba hili lilikunjika mpaka likanigusa nywele, likaishia hapo. Lilikunjika badala yangu, kaka. Na mikanda ilivutika badala ya mbavu zangu. Kazi hiyo vinaifanya mara moja tu. Hata ukivinyoosha, nguvu yake imeshakwenda.

Alisema kwa sauti ya chini, akimwelekea Fundi peke yake, kama unavyomwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu nao, birika mkononi. Kisha akajinyoosha, akatutazama sote kwa uso mkunjufu, maana kweli hakujua.

— Sasa nani atakaa humu?

Swali jepesi kabisa. Asubuhi nzima tulikuwa tunalijibu bila kuulizwa. Sindano alitazama vidole vyake. Tani Kumi alikunywa kutoka kikombe kitupu. Fundi alimtazama mdogo wake, akanitazama mimi, kisha mtoto, aliyekuwa ananivuta kitambaa cha kichwa. Upepo aliyafuata macho yake, naye akafahamu. Aligeuka akaanza kuiangalia kahawa yake aliyoiacha benchini, ili Fundi asijione anatazamwa.

Fundi aliingia gereji, akarudi na mashine ya kukatia vyuma, waya ukimfuata mavumbini.

— Shemeji, msogeze mtoto huko. Cheche zitamfikia.

Lilikuwa neno la kwanza ambalo mtu aliniambia kuhusu gari lile.

— Kaka, mume wangu akasema, Jumapili ni keshokutwa.

— Najua.

— Miezi yote ile?

— Najua, mdogo wangu.

Lakini hakubonyeza swichi. Alisimama na mashine mkononi, akilitazama bomba alilolinyoosha kwa mkono ule uliosifiwa sasa hivi. Upepo alilaza fimbo chini. Akaingiza mkono wake mzima dirishani, akalishika bomba mbali na jino la mashine, ili lisicheze.

— Kata, kaka. Nimelishika.

Fundi akakata. Alikata la juu, akakata la ubavuni, na kelele ilikuwa kubwa hadi watu wa maduka wakatoka kuchungulia. Ilipokoma, Sindano alikuja na mkasi wake mwenyewe. Aliikata mikanda vipande vipande, akabakiza kile chenye jina, akamtilia Upepo katika mfuko wa shati, akaupigapiga mara mbili kwa kiganja.

Mume wangu alikwenda kukaa katikati ya benchi, amezama, ametuna. Nilimpelekea kahawa. Alipokea bila kunitazama. Nilisimama hapohapo; sikutaka kumshukuru mtu mbele yake. Kisha akauliza kama mtoto amekula. Nikamwambia bado. Akanyoosha mikono, nikamfungua mtoto mgongoni, akampakata.

Mwaka uliofuata Gia, mume wangu, alikimbia mbio, kwa gari jingine, lenye mabomba mapya na mikanda mipya. Alimaliza wa kumi na moja, akarudi nyumbani na njaa.